Ndizi za Phanice na Kamba Niliyoianika

Phanice Nyabate hakumwaga maji hata siku moja bila kwanza kuyajua ni maji ya ngapi. Maji aliyooshea mchele na mboga yalikuwa maji ya kwanza, na hayo yalikwenda kwa kuku na ndama. Maji ya kufulia na kuogea yalikuwa maji ya pili, nayo yalikwenda kwa ndizi. Maji ya tatu, yaani yale ya nepi na matambara ya mgonjwa, yaliingia chooni moja kwa moja, wala hakukubali mtu ayaache uani hata kwa muda wa kuanika nguo. Nimekuwa jirani yake kwa miaka kumi na tisa, kwenye mteremko ulio juu ya Kimulot, na sijaona nyumba iliyotunza uchafu wake kwa akili kuliko hiyo. Ninasema hivi nikijua kwamba mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu nikasema kinyume chake.

Alizaliwa upande wa Kisii, akaja huku akiwa na miaka ishirini kuchuna majani katika shamba kubwa la chai. Aliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, ambazo kila mtu huku huziita laini, pamoja na mumewe Mochama. Mbele ya milango ya laini ulipita mtaro wazi uliobeba maji ya kila jiko na kila beseni: povu, maganda, mafuta ya jana. Antony, mtoto wao wa kwanza, alipoanza kutambaa alifika kwenye mtaro ule mama akiwa shambani, akanywa. Alilazwa hospitalini majuma mawili. Alipona, lakini Phanice hakuusahau mtaro. Aliniambia kwamba siku ile, akiwa amekaa kando ya kitanda, aliamua kuwa akipata mahali pake mwenyewe, maji machafu hayataonekana kwa macho, na wala hayatatupwa.

Mashine za kuchuna chai zilipoletwa, mikono mingi haikuhitajika tena, na yake ilikuwa miongoni mwa hiyo. Wao wawili wakanunua robo ekari kwetu, sehemu yenye majimaji ambayo hakuna mwenyeji aliyeitaka. Tulimwuzia tukidhani tumemlaghai. Yeye aliitazama ardhi, akaona matete yameota yenyewe, akajua kwamba maji hayako mbali.

Ndipo akaanza kazi yake. Chini ya meza ya kuoshea vyombo aliweka ndoo ya rangi iliyotobolewa kitakoni, ndani yake akatia kokoto, kisha mchanga, na juu kabisa tabaka la nyasi kavu la kunasa mafuta na mabaki ya chakula. Nyasi hizo alizibadilisha kila juma, zile chafu zikaenda kwenye lundo la mbolea. Kutoka kwenye ndoo, maji yalipita katika bomba lililofukiwa hadi kwenye shimo pana lenye kina cha kufika magotini, ambalo alikuwa amelijaza matawi ya chai yaliyopogolewa na majani makavu. Kuzunguka shimo hilo alipanda migomba sita. Ungeweza kusimama hapo saa nzima baada ya yeye kufua nguo za watu watano, usione tone limetuama, usione mbu. Migomba ilikunywa kila kitu.

Choo chake nacho kilikuwa kifupi, futi sita tu kwenda chini, kimejengwa juu ya tuta la mawe, hata unapanda ngazi nne kabla ya kufika mlangoni. Kikijaa, alikifunga, akakiacha mwaka mmoja na zaidi, akatumia cha pili kilichokuwa ubavuni. Choo hicho ndicho kilichomfanya achekwe.

Mtu asiyetoka kwetu huenda asielewe. Huku, kina cha choo ni heshima ya boma. Mwanamume akisema choo chake ni futi arobaini, anasema kwa sauti ile ile anayotajia ng'ombe wake. Choo kirefu maana yake ni kwamba mkwe akija hataona aibu, na kwamba watoto wako hawatachimba tena maishani mwao. Mchimbaji akimaliza, kamba yake ya kupimia, yenye fundo kila futi, hutundikwa kwenye ua ili majirani waje wahesabu mafundo. Nani angemheshimu mtu wa futi sita?

Jirani yetu Kipkirui alikuwa hodari wa mzaha huo. "Mama Antony," alimwita siku moja akipita na maziwa, "hiki ni choo ama ni sufuria? Mtu akikaa vibaya si atagusa chini?"

"Baba Chepchumba," Phanice akamjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye beseni, "wewe huenda chooni kukaa, ama huenda kuchimba dhahabu?"

Tulicheka hadi Kipkirui akamwaga maziwa. Lakini hakuna aliyemwuliza kwa nini mke wa mchimbaji wa vyoo, ambaye mumewe angemchimbia bure futi hamsini, alichagua futi sita.

Mochama alikuwa ndiye mchimbaji wa mteremko mzima, na mimi ndimi niliyempa kazi nyingi. Nilikuwa katibu wa kamati ya chemchemi, na nilikuwa nimeingiwa na hamu ya kuleta usafi. Nilikuwa nimechoka kuona nepi zikitupwa kwenye miti ya chai, mifuko ikichomwa kando ya njia, na watu wazima wakijisaidia vichakani. Nilipiga kelele katika kila mkutano: kila boma lichimbe choo, na kisipungue futi thelathini. Hakuna aliyenipa namba hiyo. Niliitoa kwenye fahari yetu, nikaivika joho la afya, nikaifanya sheria. Na kwa kuwa kiongozi hutangulia, nilianza na boma langu, lililoko hatua themanini juu ya chemchemi.

Ilikuwa mwezi wa nane, miaka miwili iliyopita. Mochama alikuwa ndani ya shimo, nami nimesimama ukingoni nikishika kamba ya ndoo ya udongo.

"Katibu," aliita, sauti ikija kama ya mtu aliye ndani ya pipa, "huku kuna maji."

"Ni unyevu tu."

"Unyevu haujai kwa gambuti, mzee."

"Zimebaki futi ngapi?"

"Nne."

"Malizia basi."

"Na nikizama, utamwambia Phanice nini?"

"Nitamwambia ulikuwa unavua samaki."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alimaliza futi zile nne, akatandaza mawe chini kama nilivyomwagiza, akapanda juu, matope yamemfika mapajani. Kamba ya kupimia ilipotoka, mafundo manne ya mwisho yalikuwa yamelowa chapachapa. Majirani walikuwa waje asubuhi iliyofuata kuhesabu.

"Hii ni yetu sisi wawili," nilimwambia.

Mochama aliniangalia, akatikisa kichwa, akachukua koleo lake akaenda.

Niliisuuza kamba ile tope lote, nikaianika kwenye seng'enge upande wa jua. Mke wangu Chepngetich alitoka jikoni akanikuta nikiigeuza.

"Kwani siku hizi unafua kamba?"

"Ilichafuka," nikasema.

Asubuhi majirani walikuja, wakahesabu mafundo thelathini makavu, wakanipa mkono. Kipkirui alisema choo changu kina urefu wa kutosha kumpeleka mtu mbinguni kwa njia ya chini. Nilifurahi. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza, kwamba nilifurahi kwa kweli, huku nikijua.

Aprili ya mwaka huu mvua ilinyesha siku ishirini bila kupumzika. Maji ya chemchemi yakaanza kutoa harufu hafifu, kisha watoto wakaanza kuhara. Chepchumba, binti wa Kipkirui mwenye miaka tisa, alishikwa na homa ya matumbo, akapelekwa hospitalini amebebwa mgongoni kwa sababu njia ilikuwa imekatika. Afisa wa afya, mama mmoja aitwaye Elmina, alichukua maji kwenye chupa, na aliporudi alituita tukutane pale chemchemini. Alisema maji yana uchafu wa choo, na kwamba itabidi tutafute chanzo kwa utaratibu, boma baada ya boma.

Watu hawakutaka utaratibu. Walitaka jina.

"Chanzo kiko wazi!" mmoja akasema. "Ni huyo mama wa shimo la maji machafu."

"Anaweka maji ya kuoga chini ya ardhi kama anaficha hazina!"

"Halafu anakula ndizi yake!"

Elmina akajaribu kueleza kwamba maji ya kufulia na uchafu wa choo si kitu kimoja, lakini macho yalikuwa yamekwisha kunigeukia mimi. Nilikuwa katibu. Nilikuwa mtu wa usafi. Ningeweza kunyamaza tu, na hata hilo lingekuwa dhambi ndogo kuliko nililolifanya. Nilisimama juu ya jiwe, nikasema kwa sauti niliyozoea kuitumia dhidi ya wachafu, "Maji machafu hayafugwi kama ng'ombe. Nani mwingine juu ya chemchemi hii anayakusanya kwenye shimo? Nani anajua kama nepi hazipiti humo?"

Phanice alikuwa amesimama nyuma, kanga mabegani, mikono imekunjwa. Hakupaza sauti.

"Katibu," alisema, "shimo la ndizi yangu linanifika hapa." Akagusa goti. "Lako linafika wapi?"

Mvua ilidondoka kwenye mabati ya kibanda cha chemchemi. Nilimtazama Mochama. Alikohoa, akainamia viatu vyake vya gambuti. Wanaume wote waliokuwa pale walikuwa wateja wake, na yeye ndiye aliyelifikisha shimo majini. Angesema nini pasipo kujichimbia kaburi?

"Langu ni futi thelathini," nilijibu. "Kila mtu alikuja akahesabu."

Wakapiga makofi. Tuliandika barua, nikaitia sahihi: Phanice apewe siku saba kung'oa migomba na kufukia shimo.

Hakungoja siku saba. Kesho yake, kabla ya wachunaji kurudi kutoka kituo cha kuuzia chai, alikuwa ameshika panga. Kamati ilipotuma vijana wa kumsaidia aliwarudisha. Migomba mitatu ilikuwa na mikungu ambayo haijakomaa. Aliikata, akaigawa, akapeleka kichane kimoja kwa kila boma linalochota chemchemini, hata kwa wale waliopiga kelele. Boma langu halikurukwa. Chepngetich alizipika zile ndizi pamoja na nyama, akaniwekea sahani. Nilikaa nayo hadi ikapoa.

"Unaumwa?" aliniuliza.

"Sina njaa."

Chepngetich aliitazama sahani, kisha akaitazama seng'enge kupitia mlangoni.

Tangu siku hiyo maji ya pili ya Phanice hayakuwa na kwao. Tulimwona akipanda mteremko na ndoo mbili, moja kwa kila mkono, kwenda kuyamwaga mbali kwenye mtaro wa barabara. Mwanamke aliyeapa kwamba hatauona tena mtaro wa laini tulimlazimisha kuujaza wa kwetu. Na upotovu ulikuwa huu: tuliita jambo hilo usafi.

Majuma matatu baadaye watu wengine wawili walishikwa na homa ile ile. Kipkirui alinikuta njiani. Hakuwa na mzaha.

"Sasa hii inatoka wapi, Katibu? Ndizi si ziliisha?"

Nilizunguka shamba langu la chai mara mbili kama mtu aliyepoteza kitu, kisha nikaenda kwa Phanice. Nilimkuta jikoni akichambua mboga za managu. Mochama hakuwako. Alinikaribisha kwa kunisogezea kiti kwa mguu.

"Mama Antony," nilianza, "nimekuja kuhusu choo changu."

"Najua. Maji yalianza futi ya ishirini na sita."

Nikatahayari. "Mochama alikwambia?"

"Alikuja nyumbani na matope mpaka hapa. Ulidhani nitafikiri ametoka kanisani?"

"Mbona hukusema pale mkutanoni?"

Aliweka managu chini. "Niliuliza swali, Katibu. Nilikupa mlango. Ningesema mimi, nani angeniamini? Mimi ni mgeni wa miaka kumi na tisa. Na mume wangu, nani angempa kazi tena?"

Nilianza kumwomba msamaha. Aliinua kiganja chenye majani ya managu, akanizuia.

"Hapana. Usiniletee hiyo maneno jikoni. Ulinishtaki ukiwa umesimama juu ya jiwe. Rudi pale pale."

Nilimwita Elmina, nikawaita watu. Nilikwenda na kamba. Nilipanda juu ya jiwe lile lile. Niliwaambia yote kwa mpangilio: kwamba Mochama alinionya, kwamba nilimwamuru aendelee, kwamba mafundo manne yalitoka yamelowa, kwamba niliyaanika. Niliwaambia kwamba futi thelathini zilikuwa zangu, hazikutoka kwa mtaalamu yeyote, na kwamba katika ardhi yetu iliyojaa maji, choo kirefu ni mfereji wa kupeleka kinyesi kwenye vikombe vyetu. Niliwaambia kwamba mtu pekee aliyelijua hilo ndiye tuliyemng'olea migomba.

Kipkirui alikuja hadi kwenye jiwe, akaichukua kamba mkononi mwangu. Akahesabu kutoka chini, akigusa kila fundo: "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Kisha akanivika shingoni, polepole, kama mtu anayemfunga mwenzake tai siku ya harusi.

"Vaa, Katibu," alisema. "Mtoto wangu amekosa muhula mzima wa shule. Vaa."

Niliivaa hadi mkutano ukaisha.

Elmina hakutaka kutegemea maneno yangu, na alifanya vyema. Alimwaga rangi isiyodhuru ndani ya choo changu, akatuambia tusubiri. Siku ya tatu, Chepngetich alikuwa wa kwanza kufika chemchemini. Maji yalitoka kwenye bomba yakiwa ya kijani, kijani cha jani changa la chai. Aliijaza ndoo, akaipandisha mlimani, akaiweka mbele ya mlango wangu, akaenda zake kukamua. Ndoo ile ilikaa pale siku nzima, na kila aliyepita aliiona.

Tulikizika choo changu kwa chokaa na udongo, na baada yake vingine vitatu vilivyokuwa vimefika majini. Mochama sasa hujenga vyoo vifupi juu ya matuta, na hakuna anayetundika kamba. Niliacha ukatibu. Watu walimwomba Phanice aushike.

"Sitaki kiti," aliwaambia. "Nataka shimo langu."

Nililichimba mimi. Nilidhani hilo lingenipa nafuu, na ninakiri kwamba nilichimba kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana. Alinisimamisha nilipozidisha kina.

"Umeanza tena?" alisema. "Leta hiyo kamba yako."

Akaipima kutoka unyayo hadi kwenye goti lake, akaikata kwa panga: mafundo mawili tu. Kipande hicho kimetundikwa kwenye msumari nje ya jiko lake, na mtu yeyote mteremkoni anayetaka kuchimba shimo la maji ya pili huja kukiazima. Wamekwisha kuwa kumi na mmoja. Kilichobaki, mafundo ishirini na manane, alinirudishia, nami ninacho.

Machipukizi ya ile migomba aliyokuwa ameyahifadhi kwenye gunia lenye mbolea yalishika. Yamefika kimo cha dirisha. Ndizi huku kwenye baridi huchukua mwaka na nusu kuzaa, na wakati mwingine zaidi, kwa hiyo hakuna mkungu bado. Mimi hupita hapo kila asubuhi nikienda kuchuna, na kila asubuhi hutazama kama ua limetoka. Najua kwamba siku litakapotoka na kukomaa, Phanice atagawa kichane kwa kila boma kama alivyofanya, na hataliruka langu, kwa sababu hiyo si tabia yake. Chepngetich atazipika na kuniwekea sahani. Sijui kama safari hii zitapita kooni.